Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama Mwishoni mwa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mikutano minne ilifanyika, hadubini ilitengenezwa, na wanafunzi walitembelewa shuleni kama kawaida. Waliokuwepo watawasimulia wasiokuwepo, ambao ni wengi.

Nije kwenye lile linalosemwa pembeni: kwamba mwenyekiti alihamisha safari ya kuchota planktoni, vile viumbe vidogo mno vinavyoelea baharini, kutoka Julai hadi Februari kwa kuwa bahari ya kusi humtapisha. Hunitapisha, sikatai. Lakini sababu si hiyo.

Kusi, upepo wa Julai utokao kusini, inapovuma upande wetu wa ikweta, yaani wa kusini, maji ya juu hayafuati upepo sawasawa. Mzunguko wa dunia huyapeleka kushoto, yaani huku kwetu pwani, yakarundikana na kuzama, na rutuba ya kilindini ikabaki huko huko. Kusi hiyo hiyo ikishavuka ikweta hadi Somalia, maji huenda kulia, mbali na pwani. Ya chini hupanda kujaza nafasi, baridi hata chini ya nyuzi 20, na planktoni hushamiri. Hesabu hii ni ya Ekman, mtaalamu wa bahari wa Sweden, ya mwaka 1905. Mimi sikuitunga, ingawa mkutanoni nililaumiwa kana kwamba ni yangu.

Kaskazi, upepo wa Februari utokao kaskazini, hugeuza mambo. Huku kwetu maji ya juu husukumwa nje. Juu ya hayo, mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini, ukakutana na mkondo wetu wa pwani ambao hupanda mwaka mzima, na yote miwili ikashika njia ya mashariki. Hapo maji ya kilindini hupata mwanya wa kupanda. Na ni pale kaskazini ya Malindi, ambako sakafu ya bahari ya kina kifupi, nyembamba mno kusini, hupanuka. Ndiko nilikowapeleka.

Mzee wetu mmoja alisema upande wa Pemba planktoni huzidi wakati wa kusi. Ni kweli, na nilimkubalia mbele ya watu. Ila mashua yetu haiendi Pemba.

Naam, wavu ulinasa kwenye mwamba siku ya kwanza, tukarudi na chupa tisa tu. Saba zilijaa dayatomu, yaani planktoni za jamii ya mwani, nami nilizihesabu mwenyewe, usiku, kwa taa yangu. Chupa tisa hazimalizi ubishi, lakini ni nyingi kuliko za wanaobisha.

Sasa ada. Wanachama 58, waliolipa 19, wenye deni la zaidi ya mwaka mmoja 31, waliobaki wanasema walituma kwa simu, mweka hazina haoni kitu. Mkutano uliojaa zaidi ulikuwa na watu 22, wa mwisho saba, mmoja wao akiwa dereva aliyeingia kungoja abiria wake. Safarini walijiandikisha 14, wakafika watano, na nahodha akalipwa kwa 14. Halafu naulizwa pesa zimekwenda wapi.

Mwaka ujao tunatarajia wavu mpya, na uwezo ukiruhusu kipimajoto cha kushusha kilindini, Inshallah. Safari inabaki Februari. Anayetaka Julai aje mkutanoni aseme, na aje na risiti ya ada.