Karte ya mkopo juu ya deni la zamani

Bwana Mhariri,

Mwezi wa 9 ukikaribia na minervali (karo ya shule) ya watoto ikibisha hodi, wengi hapa Lubumbashi wanafikiria kuomba karte ya mkopo huku mshahara wao ukiendelea kukatwa kwa kredi ya zamani. Swali lao ni moja: "Mtanipa kiasi gani?" Lingetangulia lingine: "Nitaweza kulipa kiasi gani?"

Kwanza hakikisha ni karte ya mkopo kweli. Visa nyingi zinazobebwa mjini zinatoa franka yako mwenyewe iliyo kwenye akaunti. Hizo haziongezi deni. Ya mkopo inajulikana kwenye kontra: ina kikomo, riba, na malipo ya chini ya kila mwezi.

Hayo malipo ya chini ndiyo yanayowazamisha watu. Tuseme unadaiwa dola 1,000 kwa riba ya 2% kwa mwezi, nawe unalipa dola 30. Mwezi wa kwanza riba inakula 20, zinazopunguza deni ni 10 tu. Baada ya miezi 12 umetoa dola 360, na bado unadaiwa karibu 866. Na hapo hujanunua tena hata sabuni kwa karte hiyo. Ukitoa franka taslimu kwenye mashine ni mbaya zaidi: kwa kawaida kuna ada, na riba inaanza kuhesabiwa siku ileile.

Kuficha deni la zamani hakusaidii. Banque Centrale ina Centrale des Risques, ambako benki zinatangaza mikopo ya wateja wao. Ukiandika "sina deni" na deni likaonekana humo, dosye inaanguka kwa sababu ya uongo, ingawa deni lenyewe pengine lingevumilika. Afadhali upeleke mwenyewe fishi za mshahara za miezi 3 ya mwisho pamoja na jedwali la malipo la kredi inayoendelea. Kama ile ya zamani imekwisha, dai hati inayosema imekwisha. Risiti ya malipo ya mwisho haitoshi, kwani inathibitisha kwamba ulilipa siku hiyo, haisemi kama kimebaki kitu.

Kisha chukua kalamu. Mshahara dola 450. Theluthi yake, ambayo ni kipimo kizuri cha makato yote pamoja, ni 150. Kredi ya zamani inakata 110. Zimebaki 40. Na likelemba, ule mchango wa kupokezana kati ya marafiki? Benki haiioni, lakini wewe unajua siku yako ya kuchanga ni lini. Ikiwa unachanga 25 kwa mwezi, umebaki na dola 15, na kwa 15 hakuna karte ya kuomba.

Walimu na watumishi wa serikali wanaolipwa kwa franka waangalie pia sarafu ya kontra. Mwanzoni mwa 2016 dola moja ilikuwa karibu franka 930; katikati ya 2024 ilifika karibu 2,800. Malipo ya dola 100 yaliyokuwa franka 93,000 yakawa 280,000, na deni lenyewe halikuongezeka hata senti.

Kuna hali moja ambayo deni jipya linaweza kuwa nafuu: kuondoka kwa Banque Lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa. Anayekukopesha dola 200 umrudishie 300 mwisho wa mwezi anakutoza 50%. Karte ya 2% au 3% kwa mwezi ni nafuu mno. Lakini umalizane naye kwa mkupuo mmoja, kwani ukimpunguzia kidogo utabaki na madeni mawili. Chukua karatasi uliyomsainia, ichanwe mbele yako. Kama alikuwa ameshika karte yako ya mshahara na namba ya siri, ichukue na ubadilishe namba hiyo kwenye mashine siku hiyohiyo, kabla hujafika nyumbani.

Wasomaji wenu wa kazi za mikopo,
Lubumbashi