Bibi yangu alijua kusoma

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita imedai kwamba kusoma na kuandika kuliletwa pwani na wamisionari. Naomba nafasi nijibu.

Kila alipokwenda ofisi ya serikali, bibi yangu alishikwa kidole gumba kikachovywa kwenye wino, na karani akaandika kuwa hajui kusoma. Bibi huyo huyo akirudi nyumbani alifungua kasha lake, akatoa tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akazighani mpaka adhana ya magharibi. Asichokijua ni herufi za karani.

Barua za kale kabisa za Kiswahili zinazojulikana ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi hizo hizo za Kiarabu. Leo zimehifadhiwa Goa, India, kwa kuwa waliopelekewa ni Wareno na washirika wao. Mwaka 1728, huko Pate, Bwana Mwengo alitunga Utenzi wa Tambuka. Krapf, mmisionari Mjerumani, alitia mguu Mombasa mwaka 1844. Mwandishi wenu apige hesabu mwenyewe.

Utenzi huo pia huitwa Chuo cha Herekali, maana zamani chuo kilikuwa kitabu. Ndipo msomi akaitwa mwanachuoni, na watoto wakaenda chuoni na ubao: wanaandika, wanahifadhi, wanaufuta, wanaandika tena. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na mafundi wa kunakili misahafu na kuipamba kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano. Wala si wanaume peke yao waliokuwa na elimu. Mwana Kupona alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, miaka michache kabla ya kufariki. (Mawaidha yake kwa wake sikubaliani nayo yote, lakini hilo ni jambo jingine.)

Sisemi maandishi hayo ya herufi za Kiarabu hayakuwa na kasoro. Herufi moja ya ba iliweza kusomwa b, p au mb, na asiyeijua lugha barabara alikwama. Lakini kasoro ya maandishi si ukosefu wa maandishi.

Tena nasi watetezi tuna kosa letu. Tukiguswa tu, mbio Timbuktu, huko Mali, kwa mwanachuoni wa kale Ahmed Baba aliyelalamika kuporwa vitabu 1,600. Ni kweli, na ni fahari. Ila vya kwetu vimelala uvunguni, vinaliwa na mchwa.

Ombi langu ni dogo. Wenye makasha ya mabibi, kabla hamjachoma "makaratasi ya zamani", yapigeni picha, kisha ulizeni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako miswada ya aina hii imekusanywa kwa miaka mingi. La bibi yangu lilichomwa mwaka aliofariki. Nilikuwepo, na mimi ndiye niliyeshika kiberiti.

Msomaji wenu,
Tanga