Kabla ya kuomba kisomaji chenye nguvu zaidi

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumze na maofisa ugavi, hasa wa hospitali, waliopewa visomaji vya mkononi vya RFID, yaani mashine zinazotambua kwa mawimbi ya redio vibandiko viitwavyo tagi, kwa ajili ya kuhesabu mali. Malalamiko ni yale yale: mezani mashine ilisoma tagi kutoka mbali, stoo haisomi hata ukiigusisha. Kinachofuata ni barua ya kuomba kisomaji chenye nguvu zaidi. Fedha hiyo itapotea bure.

Tagi ya kawaida ya UHF (masafa ya juu sana ya redio) haina betri. Ni antena ya foili iliyokatwa kufuata mawimbi ya karibu megahezi 866 (urefu wa wimbi moja ni kama sentimita 35), na chipu yake huendeshwa na nishati ya mawimbi hayo hayo. Ukiibandika kwenye kitanda cha chuma, wimbi linaloakisiwa hukutana na linalokuja likiwa kinyume chake, yakafutana pale pale juu ya bati. Rangi ya kitanda haisaidii, ni nyembamba mno. Kuhakikisha, weka sponji kavu ya sentimita moja au mbili kati ya tagi na chuma. Ikisomeka, hakuna kilichoharibika. Mmenunua aina isiyofaa.

Kwa chuma kuna tagi zake, zenye kitako cha plastiki ngumu, kauri au sponji, zinazokifanya chuma chenyewe kuwa sehemu ya antena. Zina bei, na zina masharti. Uwezo wake hushuka zikibandikwa kwenye mbao. Pia hazivumilii masafa ya mawimbi yaliyosogea: iliyotengenezewa soko la Marekani, megahezi 902 hadi 928, hudhoofika sana kwenye 866. Usikimbilie kubadili kisomaji kiende huko, kwani hapo utaingilia mawimbi ya simu za mkononi. Waulizeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwanza. Mtungi wa oksijeni una mviringo, tagi ngumu bapa huchezacheza na kung'oka. Tumia inayopinda, au ifunge shingoni kwa kamba ya plastiki. Kutoboa mtungi ni marufuku, ingawa tumeshasikia likipendekezwa.

Maji ni shida nyingine. Hayaakisi tu, huyameza mawimbi na kuivuruga antena. Kwenye katoni za dripu, tagi iliyogusana na chupa imekwisha. Ibandike nje, kwenye kona au upande wenye nafasi ya hewa kati ya boksi na chupa. Kwenye chupa mojamoja, juu ya usawa wa maji. Spiriti ya kusafishia nayo humeza vibaya. Mafuta ya kula na dizeli hupitisha mawimbi vizuri zaidi, ila vikiwa ndani ya pipa la chuma umerudi kwenye shida ya kwanza. Katoni zilizopangwa katikati ya lundo la dripu hazitasomeka kwa nguvu yoyote: zisomwe wakati wa kupanga, kisha lundo lipewe tagi yake.

Sasa matumizi ya kisomaji chenyewe mkononi. Visomaji vingi hufika 30 dBm (kipimo cha nguvu kwa desibeli), yaani wati moja, na wengi huviacha hapo. Kwenye chumba chenye rafu za bati, mawimbi hurukaruka na kusoma mali ya rafu ya jirani, hata ya chumba cha pili, na hesabu ikazidi vilivyopo. Ukishusha desibeli 6, umbali wa kusoma hupungua kwa karibu nusu. Anza na 20 dBm kwa rafu moja, kisha panda kidogo kidogo. Miakisi hiyo hiyo huacha sehemu zisizo na mawimbi kila baada ya sentimita 17 hivi, kwa hiyo kusimama na kubonyeza tu hakutoshi: sogeza mkono taratibu kiasi cha sentimita 10 kila upande, ukizungusha kiganja. Usishike tagi kwa vidole, maana mwili nao ni maji. Kwa kuhesabu, kwenye mipangilio ya kisomaji chagua sesheni (namna tagi inavyonyamaza ikishasomwa) S1 au S2, ili zilizokwisha kusomwa zinyamaze na zenye sauti dhaifu zisikike. S0 ni ya kutafuta kifaa kimoja.

Kwenye zabuni, msikubali sentensi ya “husoma hadi mita kadhaa”. Andikeni: tagi zibandikwe kwenye vitanda, mitungi na katoni zenu zilizojaa, zisomwe ndani ya stoo yenu milango ikiwa imefungwa, na malipo yasubiri matokeo.

Mafundi wa mifumo ya stoo,
Dar es Salaam