Konokono kula uyoga si kipimo cha kitu chochote

Mhariri,

Naandika kuhusu ile makala yenu fupi ya uyoga wa porini. Nimeisoma mara mbili maana sikuamini macho yangu, mmeandika kwamba ukikuta uyoga umetobolewa na wadudu au umeliwaliwa na konokono basi hata mtu anaweza kula bila wasiwasi. Hapana jamani. Konokono na funza wanakula uyoga ambao kofia yake nusu tu inatosha kumuua mtu mzima, na wao wanaendelea na safari yao kama kawaida. Tumbo la konokono si tumbo lako.

Mi nachuma uyoga tangu nikiwa mtoto, alinifundisha bibi yangu, na hivi vipimo vya mkato nimevisikia vyote. Eti chemsha na kijiko cha fedha kikiwa cheusi una sumu, eti weka kitunguu saumu uone kama kitabadilika rangi, eti chemsha mara mbili umwage maji, eti wenye sumu lazima uwe mwekundu au unanuka au ni mchungu. Hakuna hata kimoja kinachofanya kazi. Sumu inayoua zaidi inaitwa amatoksini na moto hauiharibu, uchemshe, ukaange, ukaushe juani, ugandishe kwenye friji, iko palepale. Na uyoga wenyewe hauna sura ya kutisha, kuna mweupe pee na kuna wa kijani kilichopauka, unapendeza, na waliokula wakapona wamesema ulikuwa mtamu. Sasa mtu atajuaje kwa ulimi?

Kitu ambacho makala haikugusa kabisa ni kitako. Huo uyoga wa kijani kilichopauka, wataalamu wanauita Amanita phalloides, una kofia, chini ya kofia kuna vile vibapa vyeupe vimepangana kama kurasa za kitabu, una kipete kwenye shina, na chini kabisa shina limekaa ndani ya kifuko kama ganda la yai lililopasuka. Hicho kifuko ndo alama kubwa kuliko zote na mara nyingi kimefukiwa udongoni, kwa hiyo mtu anayekata kwa kisu juu juu anaacha ushahidi ardhini anaenda nyumbani na kifo kwenye kikapu. Uyoga usioujua chimba mpaka mwisho uutoe mzima. Na ukiwa bado mchanga unakuwa kama yai jeupe, watu wanadhani ni ule uyoga wa mviringo unaotoa vumbi ukizeeka, basi upasue katikati kutoka juu hadi chini, ule wa kuliwa ndani ni mweupe mtupu kama jibini, huu wa sumu utaona mchoro wa kofia na shina vimejikunja mle ndani.

Uyoga wa kichuguu nao ni mtamu kweli na unajulikana sana, shina lake linaenda chini kama mzizi mrefu mpaka kwenye kiota cha mchwa na halina kifuko. Lakini kuna mwingine unaota kwenye majani sehemu za joto, mkubwa, mweupe wenye magamba ya kahawia juu, unaitwa Chlorophyllum molybdites, na watu wanauchanganya na huo. Huu ukikomaa, vile vibapa vya chini vinaanza kuwa vya kijani. Weka kofia yake juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, funika na bakuli ulale, asubuhi utakuta vumbi la kijani, wakati wa kichuguu unatoa vumbi la waridi hafifu. Hiyo karatasi nyeusi isisahaulike maana vumbi jeupe juu ya karatasi nyeupe halionekani. Ila rangi ya vumbi peke yake haikupi ruhusa ya kula, inakusaidia kukataa tu. Na zile programu za simu za kupiga picha msizitegemee, picha ya kofia kutoka juu haionyeshi kifuko wala vumbi.

Sasa jambo linaloniuma zaidi, ni muda. Huo wa vumbi la kijani unakutapisha ndani ya saa 1 hadi 3, unateseka lakini wengi wanapona. Wenye amatoksini unakaa kimya saa 6 mpaka 12, wakati mwingine hata 24, we umeshalala umesahau ulikula nini, halafu ndo kutapika na kuharisha kama maji. Baadaye tumbo linatulia, mtu anasema afadhali nimepona, familia inashukuru, kumbe ini linakufa kimyakimya na siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano. Kuna uyoga mwingine tena wa jamii ya Cortinarius unaharibu figo na dalili zinaweza kuja baada ya wiki 2 au 3! Kwa hiyo tumbo likianza kusumbua saa 6 au zaidi baada ya kula uyoga wa porini ni hospitali hapohapo, wote waliokula waende hata wasioumwa, na mbebe mabaki, yaliyopikwa au maganda ya jalalani, muyafunge kwenye karatasi si plastiki maana kwenye plastiki yanaoza haraka.

Ombi langu mhariri ni moja. Chapisheni masahihisho kwenye ukurasa uleule, kwa herufi za ukubwa uleule, na ile picha ya kofia iliyopigwa kutoka juu iondoeni muweke ya uyoga uliochimbwa mzima, kifuko kinaonekana, na pembeni mwingine mchanga uliopasuliwa katikati.

Mchumaji uyoga, msomaji wenu wa siku nyingi