Kaka, kura yangu ya 2010 bado ni ya Davis

Kaka yangu, shikamoo.

Ujumbe ulioweka kwenye kundi la ukoo nimeusoma. Umetutangazia kwamba binti yako anajiandaa kwenda kwenye usaili wa shindano la kuimba, ukamtaka kila mwanaukoo aanze kuweka akiba ya salio, kisha ukamalizia kwamba safari hii hutaki yajirudie yale ya mwaka ule. Hukutaja jina, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu wote wanajua unanisema mimi. Ningekupigia simu, lakini simu zetu siku hizi huishia kwenye salamu na habari za shamba, na kila ninapoligusa jambo hili mtandao wako hukatika. Najua ninayoandika hapa unayasoma. Basi soma na hili.

Kwanza nikupongeze. Mtoto ana sauti, na mimi shangazi yake ndiye niliyeanza kusema hivyo alipokuwa bado anaimbia wanasesere. Tuko pamoja katika hilo. Tunapoachana ni pale unapodhani kwamba kazi ya ukoo ni kukwangua vocha na kazi yake yeye ni kusimama jukwaani tu.

Yale ya mwaka ule nayasema wazi, maana wewe umeyasema kwa mafumbo. Ilikuwa fainali ya 2010 ya Tusker Project Fame, lile shindano la kuimba la nchi za Afrika Mashariki, na Peter Msechu wetu alikuwa amefika mwisho pamoja na Davis Ntare wa Uganda. Sijawahi kusema kwamba Msechu hakuwa mwimbaji. Alitokea Bongo Star Search, shindano letu la hapa Tanzania, la 2009, ambako alishika nafasi ya pili nyuma ya Pascal Cassian, na ukumbuke kwamba wakati ule mimi ndiye niliyekuwa nikimtetea huku wewe ukisema ana mbwembwe nyingi. Alipovuka mpaka kwenda Nairobi ndipo mbwembwe zilipogeuka kuwa kipaji machoni pako. Mimi nilimsikia vilevile kule na huku: sauti nene iliyojaa kifua, furaha iliyowaamsha watazamaji kabla hajafungua kinywa, na udhaifu mmoja, kwamba kwenye nyimbo za taratibu alianza juu mno, hata wimbo ulipofika mahali pa kupanda akawa hana tena pa kupandia. Davis, kwa masikio yangu, alifanya kinyume. Alianza chini karibu kama mtu anayeongea na jirani, akaupandisha wimbo polepole, na mwisho wa mstari hakuuachia uanguke. Majuma yote yale nilikuwa nikifumba macho wanapoimba, na kila nilipofumba macho alinishika yule wa Uganda. Nikampigia kura kwa salio langu mwenyewe.

Usiku ule sebule ilikuwa imejaa. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, majirani wamebanana kwenye kochi, na wenzako wa kazini wameketi mkekani. Ulikuwa umenunua vocha nyingi, ukazikwangua kwa sarafu na kumtajia namba kila mwenye simu, hadi vumbi la kijivu likatapakaa kwenye kitambaa cha meza alichokidarizi Mama kwa mkono wake. Ilipotangazwa kwamba Davis ameshinda, hukusema neno. Uliinuka, ukaiokota simu yangu pale kwenye mkono wa kochi, ukafungua ujumbe uliokwisha kutumwa, ukausoma kwa sauti mbele ya wageni wako. Kisha ukasema kwamba mwanamke akishapenda sura ya mwanamume husahau alikozaliwa. Mchumba wangu, ambaye leo ni shemeji yako, alikuwa ameketi palepale. Mama alikwambia, "Mpe simu yake," na hukumpa hata Mama jibu. Uliitupa kochini ukatoka nje na wenzako.

Hilo ndilo nisiloweza kulisahau, Kaka. Ungeniambia sijui muziki, tungebishana hadi alfajiri kama tulivyozoea, na asubuhi tungekunywa chai. Lakini ulichukua jambo la masikio ukalifanya jambo la aibu, ukanivika mbele ya mtu niliyekuwa natarajia kuolewa naye. Mama hakutuona tena tukikaa sebuleni pamoja kutazama kitu chochote, na siku za mwisho alikuwa akiniuliza kama umeniomba radhi. Nilimjibu kwamba uko safarini.

Na ile hoja ya kwamba niliiuza nchi haisimami hata ukiipima kwa hesabu. Sensa ya 2012 ilituhesabu Watanzania karibu milioni 45, na ya Rwanda mwaka huohuo ikapata watu karibu milioni 10 na nusu. Kama ushindi ungekuwa wa wingi wa raia, Rwanda isingeona kikombe. Lakini 2009, mwaka mmoja kabla ya Msechu, alishinda Alpha Rwirangira wa Rwanda, na 2013 akashinda Hope Irakoze wa Burundi, nayo nchi ndogo. Kenya ilitoa Valerie Kimani 2006 na Ruth Matete 2012, Uganda ikatoa Esther Nabaasa 2008 na huyo Davis. Misimu yote sita ilipita bila Mtanzania kuwa mshindi. Je, misimu mitano mingine nayo niliiuza mimi? Kulikuwa na watu Nairobi, Kampala, Kigali na Bujumbura waliompigia kura mtu asiye wa kwao kwa sababu aliwagusa, na mimi nilikuwa mmoja wao Dar es Salaam. Ushindani wa Afrika Mashariki ungekuwa na maana gani kama kila mmoja angekuwa anajipigia makofi nyumbani kwake?

Masikio haya sikuyaokota barabarani. Tumelelewa na mwalimu wa kwaya. Unamkumbuka Baba siku za mazoezi, akitugeuza tuangalie ukuta ili asione ni mtoto wa nani anayeimba, akisikiliza sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, kila moja peke yake. Pasaka ile alimpa kijana wa mtaa wa pili ule mstari wa pekee uliokuwa ukiutaka wewe, na alikupa sababu mbele ya kwaya nzima: ulikuwa unavuta pumzi katikati ya neno. Ulilia, lakini hukusema Baba ameuza ukoo. Mwaka uliofuata ulikuwa umejifunza kupumua na mstari ukawa wako. Nami 2010 nilihukumu kama alivyotufundisha, na sioni kwa nini haki iliyokuwa nzuri kanisani igeuke usaliti mbele ya televisheni.

Sasa kuhusu binti. Nilimsikiliza kwenye sherehe ya Desemba, na yale niliyoyasikia wewe hukuyasikia kwa sababu ulikuwa unarekodi kwa simu na kushangilia. Sauti ya chini anayo, nzito na safi. Juu anabana koo, na akishabana anaanza kuzungushazungusha noti kama wanavyofanya waimbaji wa Marekani, ili kuficha kwamba hajafika. Miisho ya maneno anaimeza. Hayo yote yanarekebishika kwa miezi michache ya mazoezi na mtu mkali, lakini hayarekebishiki kwa vocha. Kwenye usaili hakuna kura ya ukoo. Unasimama mbele ya majaji bila ala, unaimba kwa muda mfupi sana, na maamuzi yanatolewa hapohapo. Wewe na mimi tulikuwa tukiwatazama majaji wa Bongo Star Search, Madam Rita, Master Jay na Salama Jabir, wakiwarudisha watu nyumbani, na tunajua kwamba walioshindwa vibaya ndio waliorushwa hewani ili nchi nzima icheke. Tulicheka na sisi. Sitaki mtoto wetu achekwe hivyo eti kwa sababu hakuna mtu mzima aliyethubutu kumwambia ukweli nyumbani.

Usimwambie pia kwamba akikosa ushindi maisha yameisha. Kala Jeremiah alipita Bongo Star Search bila kutwaa taji, na nchi ikaja kumjua kwa mashairi yake mwenyewe. Walter Chilambo alishinda 2012, lakini leo wengi wanamjua kwa nyimbo za injili kuliko kwa usiku ule wa fainali. Msechu mwenyewe, aliyeshika nafasi ya pili nyumbani na ya pili Nairobi, hadi leo anaimba na watu wanamwalika. Kura yangu moja haikumzika. Ulimlilia wewe kuliko alivyojililia mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba, kama dada yako, mlete kwangu mwisho wa juma. Yule mama anayefundisha kwaya ya vijana usharikani kwetu amekubali kumsikiliza, nami nitamlipa. Aje na wimbo wa Kiswahili anaouelewa maneno yake na mwingine wa akiba, na usimpangie wewe huo wimbo. Wewe mwenyewe karibu, shemeji yako hana kinyongo na ameniomba nikuandikie hivyo. Ila hilo la radhi ni lako na langu, yeye hawezi kulimaliza kwa niaba yangu.

Na kuhusu salio ulilotutaka tuweke: nitaliweka. Binti akifika fainali nitakaa nimsikilize yeye na wenzake wote hadi mwisho, na atakayeimba vizuri zaidi ndiye nitakayempigia kura. Natamani kwa moyo wangu wote awe yeye. Mwambie hivyo leo, kutoka kinywani mwako, kabla hajasikia kwa mwingine.