Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Usajili, Kibali cha Ujenzi na Muhuri wa Mtaalamu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka. Hesabu za chama mtazipata kwa mweka hazina, nami sitazigusa. Nafasi hii naitumia kwa jambo lililochukua vikao vingi vya kamati kuliko mengine yote: muhuri unaogongwa kwenye mchoro wa jengo ambalo mwenye muhuri hatalikanyaga.

Usajili

Wengi wenu mnazijua sheria zetu, ila kila mwaka tunapokea vijana wapya, kwa hiyo nazipitia kwa haraka. Hapa Tanzania wahandisi wanasajiliwa chini ya Sheria Na. 15 ya 1997 na bodi yao, ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi). Wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi wako chini ya Sheria Na. 4 ya 2010 na AQRB, bodi ya fani hizo mbili. Sheria hiyo ilichukua nafasi ya ile Na. 16 ya 1997. Makandarasi wana Sheria Na. 17 ya 1997 na CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi), ambako mkandarasi wa majengo huwekwa kwenye mojawapo ya madaraja saba, daraja la kwanza likiwa la juu. Hizi ni bodi tatu zenye leseni tatu, na hakuna moja inayosimama mahali pa nyingine. Mhandisi aliyesajiliwa hawezi kuchukua kazi ya ujenzi kama mkandarasi kwa sababu tu ana muhuri.

Jambo linalowachanganya wengi ni tofauti ya kusajiliwa mtu na kusajiliwa kampuni. Kijana anapata namba yake ya usajili, kesho yake anafungua ofisi, anachapisha karatasi zenye nembo na kuanza kuweka sahihi mikataba. Kampuni ya ushauri inasajiliwa peke yake, kwa maombi yake, ikiwa na mtaalamu mwandamizi anayebeba dhamana. Bila hilo michoro inarudi, na mteja aliyekwisha kulipa haelewi kwa nini.

Kwa wahandisi wahitimu: mafunzo kwa vitendo ya SEAP (mpango wa ERB wa kuwaandaa wahitimu kusajiliwa), yaliyoanza mwaka 2003, ni ya miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Kinachowakwamisha wengi ni daftari la kazi. Kijana hulijaza mwishoni, wiki moja kabla ya kuliwasilisha, kwa kumbukumbu ya kichwani, na msimamizi anasaini miezi kumi kwa kalamu moja. Wanaolipitia wanajua. Jazeni kila wiki: ulikuwa saiti gani, ulikokotoa nini, umekosea wapi na ulirekebishaje. Wanachama wenye vijana ofisini mwao, saini zenu kwenye daftari hilo zina uzito uleule wa saini zenu kwenye mchoro.

Kwa wanaopata kazi nje ya mipaka, makubaliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kutambuana, ya wabunifu majengo ya mwaka 2011 na ya wahandisi ya mwaka 2012, hayampi mtu ruhusa ya kufanya kazi moja kwa moja. Yanarahisisha maombi tu. Ukipata kazi Nairobi au Kampala, bado utaomba usajili kwa bodi ya huko kabla ya kuweka sahihi.

Kwa nini mafaili yanarudi

Malalamiko ya wanachama kuhusu kuchelewa kwa vibali ni mengi, na baadhi ni ya haki kabisa. Lakini kamati ilipoyapitia mafaili yaliyoletwa kwetu, mengi yalikuwa na kasoro zilizoanzia mezani petu.

Kwanza, miliki. Jina kwenye hati au barua ya toleo halifanani na jina kwenye fomu. Mara nyingi kiwanja bado kiko kwa jina la marehemu na mirathi haijafungwa, nasi tumekwisha chora mpaka paa. Ombeni nakala ya hati, ramani yake na stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi kabla ya kufungua mchoro, na someni pia matumizi yaliyoandikwa. Kiwanja cha makazi hakitapokea fremu za maduka kwa sababu kiko barabarani.

Pili, vipimo vya kiwanja. Michoro inafuata ukuta wa uzio badala ya mawe ya mipaka. Uzio unaweza kuwa umeingia kwa jirani au kwenye njia, na mkaguzi akifika na ramani ya hati, mistari ya ujenzi yote inahama. Kazi ya kutafuta mawe ni ya siku moja, na kuisogeza nyumba iliyochorwa ni ya wiki mbili.

Tatu, ujazo (sehemu ya kiwanja inayofunikwa na jengo) na uwiano (eneo la sakafu zote kwa eneo la kiwanja). Nashangaa kuona bado tunayakosea haya. Chukueni kiwanja cha mita za mraba 600. Jengo la chini na ghorofa mbili, kila sakafu mita za mraba 240. Ujazo ni 240 gawanya kwa 600, yaani asilimia 40. Uwiano ni eneo la sakafu zote, 720, gawanya kwa 600, yaani 1.2. Wengi wanaandika ujazo mahali pa uwiano, au wanaisahau baraza iliyoezekwa na kibanda cha mlinzi. Andikeni hesabu yote kwenye karatasi ya kwanza ya mchoro, pamoja na idadi ya maegesho, ili afisa mipango miji asilazimike kuikokotoa upya.

Nne, na hii ndiyo inayorudisha faili mara mbili au tatu: michoro ya usanifu na michoro ya mihimili (ile ya mhandisi, ya nguzo, boriti, slabu na msingi) haisemi jengo moja. Mbunifu amesogeza ngazi kwa ombi la mteja, mhandisi hajaambiwa, na nguzo imebaki katikati ya mlango. Halmashauri huomba seti tatu za usanifu na, kwa ghorofa, seti mbili za mihimili. Kama mmoja ameprinti toleo la Machi na mwingine la Juni, hapo hakuna kibali. Kila badiliko lipewe herufi na tarehe kwenye kisanduku cha jina, na mhandisi aandike kwenye mchoro wake kwamba umetokana na toleo gani la usanifu. Mahali maombi yanapopitia TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, kosa hilihili linajirudia kwenye faili za kielektroniki, na huko ni rahisi zaidi kupakia toleo la zamani.

Karo na shimo la majitaka, njia ya gari la zimamoto, mlango na njia ya mtu anayetumia kiti cha magurudumu (Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010): vyote vionekane kwenye mchoro tangu siku ya kwanza. Na miradi inayohitaji tathmini ya mazingira chini ya Sheria Na. 20 ya 2004 haiwezi kuiacha mpaka kibali kikwame.

Baadhi yenu mlipendekeza tudai utaratibu kama wa Kenya, ambako Sheria Na. 13 ya 2019 inasema zikipita siku 60 bila jibu la maandishi, ruhusa inahesabiwa kuwa imetolewa. Kamati ilijadili pendekezo hilo kwa kirefu. Mimi siliungi mkono. Ofisi ikikaa kimya haijasoma mchoro, na jengo litakuwa la watu kulala. Tudai muda uandikwe na uheshimiwe, na faili lisilojibiwa lipande ngazi ya juu.

Muhuri wa kukodi

Nafika kwenye jambo lenyewe. Mchoraji anachora nyumba ya ghorofa, mteja anaambiwa kunahitajika muhuri, michoro inaletwa kwa mhandisi au mbunifu ambaye hajamwona mteja wala kiwanja, analipwa, anagonga. Mara nyingi michoro ya mihimili imenakiliwa kutoka jengo jingine. Ni rahisi kuitambua. Slabu ina unene mmoja kwenye chumba cha mita 3 na kwenye ukumbi wa mita 6. Hakuna jedwali la nondo. Udongo haukupimwa, ila mchoro unataja uwezo wake. Na msingi wa kila nguzo ni wa ukubwa uleule, ingawa nguzo ya katikati hubeba eneo mara nne ya nguzo ya kona.

Wanaofanya hivi husema: jengo ni dogo, litasimama. Tufanye hesabu pamoja. Slabu ya milimita 150 ina uzito wa kilo 375 kwa mita ya mraba. Ongezeni sakafu, plasta na vigae, kilo 150. Kuta za ndani za tofali, 200. Boriti na nguzo, 100. Watu na samani za nyumbani, 150. Jumla inakaribia tani moja kwa kila mita ya mraba. Nguzo ya katikati inayohudumia mita 4 kwa 5 hubeba mita za mraba 20, yaani kama tani 20 kwa kila ghorofa. Ghorofa mbili na paa la mabati zinafika tani 46 hivi. Kwenye udongo wa kubeba tani 15 kwa mita ya mraba, msingi wa mita 1.8 kwa 1.8 unabeba tani 48. Unatosha, kwa nafasi ndogo.

Sasa mwenye nyumba amepata pesa, anaongeza ghorofa mbili. Nguzo inafika tani 86, na msingi unaohitajika ni wa mita 2.4 kwa 2.4. Ule wa 1.8 umekwisha fukiwa chini, hakuna anayeuona. Jengo halitaanguka siku hiyo. Litaanza kuzama upande mmoja, kuta zitapasuka kwa mshazari, mwenye nyumba atapiga plasta juu ya nyufa. Na kama sakafu zimegeuzwa stoo, hali ni mbaya zaidi: bidhaa za kawaida zilizorundikwa ni kama kilo 240 kwa kila mita ya urefu wa mrundo, hivyo mrundo wa mita 2.5 ni kilo 600 mahali palipokokotolewa kilo 150.

Jengo lililoporomoka katikati ya Dar es Salaam tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30 lilikuwa limevuka ghorofa zilizokuwa kwenye kibali. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine liliporomoka Kariakoo, tukazika tena. Kila jengo lina sababu zake na kazi ya uchunguzi si yetu. Lakini nawaomba kila mmoja ajiulize, kwa dhati, ni michoro mingapi yenye jina lake ambayo hajui imejengwa wapi na kwa urefu gani.

Saiti

Kibali kikitoka, kazi ya mwenye muhuri ndiyo imeanza. Ubao wa mradi uwekwe barabarani ukiwa na majina ya mbunifu, mhandisi, mkandarasi na namba ya kibali. Eneo la kazi lisajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa Sheria Na. 5 ya 2003. Kisha ukaguzi wa hatua: msingi kabla ya zege, nondo za nguzo, slabu, kuezeka, majitaka. Tatizo tunalolisikia kila mahali ni mhandisi kuitwa zege likiwa limekwisha mwagwa. Mkubaliane na mkandarasi kwa maandishi kwamba zege halimwagwi bila saini, na kwamba utaarifiwa siku mbili kabla.

Ukifika, angalia vitu vinavyofichwa. Ringi za nguzo zimechorwa kila milimita 200, fundi ameziweka kila 300 ili zilizokuwepo zitoshe. Maungio ya nondo ya milimita 16 yanataka kama milimita 640, yaani mara 40 ya unene, nawe unakuta 400. Nondo za msingi zimelala juu ya udongo bila vitofali vya kuziinua, na humo kutu itaanza. Zege la mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 linataka maji lita 25 hadi 30. Fundi anaongeza ndoo nyingine ili litiririke, na hapo nguvu yake imepotea kwa namna ambayo macho hayaoni. Kwa hiyo tengenezeni kyubu sita (vipande vya zege vya kupimia nguvu) kila mnapomwaga: tatu zipondwe siku ya 7, tatu siku ya 28. Siku ya 7 tegemeeni kama theluthi mbili ya nguvu kamili. Zikishuka sana, kazi isimame kabla ya ghorofa inayofuata. Mirunda ya slabu isiguswe kabla ya siku 14, ya boriti 21, hata kama mkandarasi anaitaka kwa kazi nyingine.

Yale ambayo kamati inaomba mkutano uyapitishe

Kila mwanachama atunze rejista ya muhuri wake: namba ya kiwanja, toleo la mchoro, idadi ya ghorofa, tarehe za ukaguzi na nani alikuwepo. Ofisi ya chama itatoa daftari la mfano. Mwanachama akiletewa michoro ya kugonga tu, aipokee kama kazi mpya: atembelee kiwanja, akokotoe upya, na atoze ada ya usimamizi ndani ya mkataba uleule. Mteja akikataa usimamizi, muhuri usitoke. Na mwanachama akiona jengo lenye jina lake linapandishwa juu ya kibali, aandike barua siku hiyohiyo kwa mwenye jengo, nakala kwa halmashauri na kwa bodi yake, na abaki na nakala iliyogongwa mhuri wa mapokezi.

Kamati inafahamu kwamba vijana wanaoanza wanaishi kwa kazi hizi ndogo. Kwa sababu hiyo tunapendekeza wanachama wenye ofisi kubwa wawape nafasi za usimamizi wa saiti zenye malipo, na majina ya walio tayari yaandikwe kwa katibu kabla mkutano huu haujafungwa.

Ndugu wanachama, naomba kuwasilisha.