Risala ya Wakulima wa Mbegu za Nyasi kwa Mgeni Rasmi, Langobaya, Malindi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Chifu wetu, wazee wa mtaa, maafisa wa kilimo, kina mama na kina baba: Assalaam aleikum, Bwana asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuja. Barabara ya kutoka mjini tunaijua, na vumbi lililoganda kwenye gari lako linatuonyesha umetujali.

Kikundi chetu kilizaliwa na ukame wa 2020 hadi 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo tukaburuta mizoga ya ng'ombe wetu wenyewe. Tulianza na vishamba vya kuazima. Leo sisi ndio tegemeo la malisho la Langobaya nzima. Tuna mizani, tuna maturubai mawili, na mbegu zetu za Boma Rhodes, nyasi za malisho, zimefika hadi kwa jirani zetu wa Magarini.

Mengine tutayapita, Mheshimiwa. Lililo moyoni ni mbolea ya kukuzia, ile inayowekwa mmea ukiwa tayari umechipua, na hasa wakati wake.

Anayelima nyasi za kulisha akichelewa kuweka mbolea, majani atapata. Sisi tunatafuta punje. Masika yakishika tunafyeka mabua ya zamani ili shamba lichipue kwa pamoja, na katika majuma mawili ya mwanzo, udongo ukiwa umelowa, hapo ndipo nyasi zinataka naitrojeni, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea hiyo. Wingi wa masuke huamuliwa shinani wakati wa kuchipua, siku nyingi kabla jicho halijaliona suke lenyewe. Kutangulia sana nako ni hasara: kwenye mchanga wetu huu mvua kubwa huizamisha mbolea chini ya mizizi, na mbolea ya yurea ikiachwa juu ya ardhi bila kufukiwa, naitrojeni yake huondoka na hewa. Mfuko wa CAN, mbolea ya kukuzia tunayoitumia, wa kilo 50 una kilo 13 tu za naitrojeni, na mama aliyeuza mbuzi kuununua hana kilo hata moja ya kupoteza.

Mwaka jana, chini ya mwembe huu huu, aliyekalia kiti hicho alituahidi kwamba mbolea ingekuwa hapa kabla ya mwezi wa nne. Tulimpigia makofi na vigelegele. Mbolea ilifika mwezi wa sita ukiisha, masuke yamekwisha kutoka. Kwa kuwa tulikuwa tumeilipia, tuliiweka. Nyasi zikafura majani, mvua moja ikazilaza zote. Machipukizi mapya yakatoa masuke ya pili huku ya kwanza yakipukutisha mbegu chini, tusijue tukate lini. Tulipokata, mwenyekiti wetu alisugua suke kiganjani akapuliza: makapi yakaruka, zikabaki punje tatu. Alikaa akizitazama, hakusema neno.

Mwaka juzi tuliahidiwa ghala. Msingi ulichimbwa na bado uko, nyuma ya hema hili. Tutakuomba ukasimame pale kabla hujaondoka. Heshima yetu kwako ni kubwa, na ndiyo maana hatutaki kukuficha kwamba ahadi ya tatu ya namna hiyo itatuumiza kuliko kukosa.

Tunaomba basi mbolea ya kukuzia iwe hapa Langobaya ifikapo tarehe 15 Machi, ikingoja mvua badala ya mvua kuingoja. Tunaomba ghala limaliziwe, liwe na mabati na mbao za kuinua mifuko, kwa sababu unyevu wa pwani hugeuza CAN kuwa jiwe. Tofali tutafyatua wenyewe, mchanga na maji tutasomba wenyewe. Na tunaomba, Mheshimiwa, leo hii mbele ya watu hawa, ututajie afisa mmoja tutakayempigia simu Machi ikianza.

Tunakukabidhi risala hii pamoja na ile ya mwaka jana. Ombi kubwa katika zote mbili ni lile lile.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi wote.